Wembe mmoja, mteja mmoja: Somo la kwanza kwa kinyozi anayeanza

VIBANDA vya vinyozi ni miongoni mwa biashara ambazo mpita njia hawezi kuzikosa katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi. Kuanzia Makina na Olympic hadi Gatina, ni kawaida kuona chumba cha mabati chenye michoro ya vichwa ukutani, kioo, kiti na redio. Kwa kijana asiye na mtaji mkubwa, hii ni mojawapo ya kazi chache anazoweza kujifunza kwa kumtazama mwenzake.

Mashine ya umeme ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Hata hivyo, mashine huacha visiki vya nywele. Mteja anayetaka kipara king'ae, au mstari wa paji la uso unyooke, hutarajia wembe. Aidha, umeme unapokatika, wembe ndio unaobaki.

Swali basi ni hili: anayeanza atajifunzaje kutumia wembe bila kumkata mtu, na bila kumwachia ugonjwa?

Wembe wa kukunja ni wa aina mbili. Ule wa kale ni ubapa wa chuma uliofungwa katika mpini, ambao hunolewa kwa kinoo na kupitishwa kwenye ukanda wa ngozi kila unapotumika. Miji ya Sheffield nchini Uingereza na Solingen nchini Ujerumani ilijipatia sifa kwa kuutengeneza. Aina ya pili ina umbo lilo hilo, lakini makali yake hutiwa na kutolewa. Wembe mwembamba wa dukani huvunjwa katikati ungali ndani ya karatasi yake, kisha nusu moja hutiwa kwenye kishikio.

Wembe huo wa kutupwa ulienezwa na Mmarekani King Camp Gillette, ambaye kampuni yake ilianza mauzo mwaka wa 1903. Mwaka huo iliuza vinyoleo 51 na nyembe 168 pekee. Wazo lake lilikuwa kumwondolea mtu taabu ya kunoa. Kwa anayewanyoa watu wengi kwa siku, wazo hilo lina faida kubwa zaidi: makali yakitupwa, damu iliyoyagusa hutupwa nayo. Kwa sababu hiyo, kinyozi anayeanza achague aina hii ya pili.

Mkono hufunzwa kwanza

Methali husema mtoto akililia wembe apewe, ili ajifunze kwa kujikata. Katika kibanda cha kinyozi methali hiyo haifai, kwa kuwa atakayekatwa ni mtu mwingine. Njia bora ni kuanza na puto. Hupulizwa, likapakwa povu la sabuni, na mwanafunzi akaliondoa povu hilo kwa wembe bila kulipasua puto. Mkono mzito hujitangaza papo hapo. Baada ya hapo huja shavu, ambalo ni tambarare. Kidevu, koo na chini ya pua ni vya mwisho.

Methali nyingine humwonya anayemwona mwenzake akinyolewa kwamba atie kichwa chake maji. Ndani ya onyo hilo mna ujuzi wa kazi. Unywele mkavu ni mgumu na hupambana na makali. Ukiloweshwa maji ya moto kwa dakika mbili au tatu, hulainika. Mahali ambapo maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, kishawishi cha kuyabana ni kikubwa. Lakini kitambaa safi kilicholoweshwa na kukamuliwa hutosha, mradi kila mteja awe na chake.

Wembe uelekezwe kwenye ngozi kwa pembe ya digrii 30 hivi. Ukilala mno, huvuta nywele; ukisimama mno, huchimba ngozi. Mkono wa pili uivute ngozi ikazike, na mapigo yawe mafupi na mepesi. Kosa kubwa kuliko yote ni kuuburuta wembe kwa ubavu, yaani kuelekea upande wa ncha zake. Hapo huacha kunyoa na kuanza kukata.

Kisha kuna suala la vipele. Nywele za kipilipili zikikatwa karibu mno na ngozi, ncha yake hujipinda na kuchoma ngozi upya, na matokeo ni vipele vya ndevu vinavyouma na kuacha madoa. Vivyo hivyo kisogoni, kunyoa kwa kina mara kwa mara huweza kuchochea vinundu vigumu. Dawa ya kwanza ni kunyoa kufuata mwelekeo wa nywele, wala si kinyume chake, na kutorudia mahali pamoja mara nyingi. Mteja ambaye tayari ana vipele ashauriwe kukaa na mashine.

Damu isiyoonekana

Rais Daniel arap Moi alipotangaza Ukimwi kuwa janga la taifa mnamo Novemba 1999, onyo dhidi ya kushiriki nyembe lilikuwa tayari limezoeleka. Lakini virusi vya homa ya ini ya aina ya B ni vigumu zaidi kufa. Huweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku saba au zaidi, hata katika damu iliyokauka ambayo jicho haliioni. Ugonjwa huo huweza kujificha kwa miaka mingi na hatimaye kuleta saratani ya ini. Chanjo yake iliingizwa katika ratiba ya watoto wachanga nchini Kenya mwaka wa 2001. Wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata, ingawa mtu mzima bado anaweza kuchanjwa.

Kwa hivyo, kuupangusa wembe kwa spiriti au kuupitisha kwenye moto mara moja si kinga ya kutegemewa. Wembe utupwe kila mteja anapoinuka. Kishikio nacho kisuguliwe kwa sabuni, kisha kilowekwe kwa dakika 10 katika dawa ya klorini. Ikiwa dawa ya kung'arishia nguo ina nguvu ya asilimia 3.5, kipimo ni kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji. Baadaye kisuuzwe na kukaushwa, kisije kikashika kutu.

Shabu inayozuia damu pia ina hatari yake: kipande kimoja kisipitishwe nyuso za wateja wote. Nazo nyembe zilizotumika zitiwe katika chupa ngumu yenye kifuniko, si mtaroni wanakocheza watoto wala katika taka zinazochakuliwa kwa mikono mitupu.

Mteja naye ana wajibu. Kabla ya kuinamisha kichwa, aombe karatasi ya wembe ifunguliwe mbele yake. Kinyozi aliyefunzwa vyema hatakasirika. Akisitasita, mteja ana haki ya kuinuka kitini, au kutembea na wembe wake mwenyewe mfukoni, kwani bei ya wembe mmoja haifikii hata chembe ya gharama ya kutibu ini.