Ujumbe wa Bunju Uliomshinda Panya

Bunju akiingia kwenye juya, wavuvi humtoa na kumtupa mchangani. Pale hujivimbisha kama mpira, watoto wakamchezea, na jua likimwakia anakauka. Kosa lake ni sumu iliyomo kwenye ini na mayai yake. Mimi samaki huyu nampenda, na inaniuma kusikia akiitwa taka, kwa sababu ndugu yake wa bahari za Japani, anayeitwa fugu, ametufunza jambo kuhusu jeni ambalo wengi hulipita mbio.

Fugu ana DNA fupi mno kwa kiumbe mwenye uti wa mgongo: herufi zipatazo milioni 400, yaani kama moja ya nane ya zetu. Hata hivyo, hesabu ya jeni zake haiko mbali na yetu. Aliyewashawishi wenzake mwaka 1993 kwamba samaki huyu anastahili kusomwa herufi kwa herufi ni Sydney Brenner, mzaliwa wa Germiston, Afrika Kusini. Mwaka 2002 kazi hiyo ilichapishwa, na fugu akawa wa pili kusomwa hivyo baada ya binadamu miongoni mwa wenye uti wa mgongo.

Tazama jeni ambayo ikiharibika kwa binadamu huleta ugonjwa wa Huntington, ule unaoua ubongo polepole. Kwetu jeni hiyo imetanda kwenye herufi kama 170,000. Kwa fugu ni 23,000 tu. Na bado eksoni, vile vipande vyenye maagizo ya kutengeneza protini, ni 67 kwa wote wawili. Kilichosinyaa ni introni, maneno yaliyo katikati ya kipande na kipande, ambayo seli huyaondoa kabla ya kuusoma ujumbe.

Watafiti wa London wakaiona nafasi ya kuijaribu jeni hii kwa panya. Jeni nzima ya binadamu ni ndefu, kuibeba na kuipandikiza ni kazi ngumu. Ya fugu ni fupi na inabebeka. Wakaiingiza kwenye seli za panya zilizooteshwa maabara, na pia kwa panya wazima. Jeni ikaamka na kunakiliwa kuwa RNA, ile nakala inayobeba ujumbe, kama walivyotaraji. Kazi ikaharibikia kwenye usafishaji, yaani kuondoa introni. Mwaka 1997 wakatangaza kwamba RNA ile ilikuwa inakatwa na kuungwa vibaya.

RNA iliyotoka kunakiliwa ni kama samaki mzima aliyetoka majini: lazima apasuliwe, matumbo yatoke, minofu ibaki. Seli zetu huifanya kazi hii saa zote kwa usahihi mkubwa. Seli ya panya ilipopewa ujumbe wa fugu ilikuwa kama mpishi hodari wa changu aliyeletewa bunju. Kisu anacho, mkono anao, ila hajui cha kutoa na cha kuacha.

Kwa nini asijue? Hapo ndipo penye utamu wenyewe. Introni kwa kawaida huanza na herufi GT na kuishia na AG, na alama hizo ni zilezile kwa samaki, panya na binadamu. Kwa hiyo mlango unaonekana. Mwaka 2004 watafiti Gene Yeo, Christopher Burge na wenzao walichambua introni kwa maelfu wakakuta tofauti iko ndani ya nyumba. Introni za mamalia zimejaa herufi GGG, ambazo huiambia mashine ya kukata kwamba hiki ni cha kuondolewa. Kwa samaki GGG ni chache. Badala yake kuna AC na GT zinazojirudiarudia. Hata baadhi ya protini zinazoshika maneno hayo ya ndani hazifanani, na nyingine zipo upande mmoja tu. Wakachukua introni ya fugu iliyokuwa inashindikana kwenye seli za binadamu, wakaichomekea herufi walizozichagua kwa hesabu. Ikakatwa vizuri.

Kwa hiyo nasema wazi: jeni si tofali, uling'oe kwenye ukuta huu ukalipachike kwenye ule. Na zile introni zilizoitwa takataka miaka mingi zimebeba lahaja ya kila ukoo.

Si kila jeni hushindikana. Mwaka huohuo wa 1997, jeni ya fugu ya homoni ya isotosini ilipandikizwa kwa panya wakubwa, ikafanya kazi kwenye seli zilezile za ubongo zinazotoa oksitosini, homoni ya mamalia inayolingana nayo. Lahaja mbili zikasikilizana, baada ya ukoo wa samaki na wetu kuachana kwa miaka zaidi ya milioni 400.

Faida nyingine za fugu: kugundua jeni za binadamu zilizokuwa zimejificha, kutafuta swichi za kuwasha jeni, sumu yake kutumika kuchunguza mishipa ya fahamu, na onyo kwa wahandisi wa jeni kwamba introni za ukoo mmoja huenda zisieleweke na seli za ukoo mwingine.

Sisi nasi tuna bunju wetu, wa Bahari ya Hindi na hata wa maji baridi: Ziwa Tanganyika lina yule mkubwa ambaye jina lake la kisayansi ni Tetraodon mbu. Nani kati yetu anawasoma? Tunawaacha wakauke ufukweni, kisha tunangoja wengine watueleze walichobeba. Ewe mvuvi, bunju akiingia kwenye juya lako usimle wala usimpe mtu amle. Akiwa bado anahema, mrudishe baharini.