Kolwezi: Wakili anayefika baada ya sahihi amechelewa

KOLWEZI, LUALABA – Katika mji huu wa shaba na kobalti, haki ya mkaaji mara nyingi haipotei mbele ya hakimu. Inapotea mapema zaidi, sebuleni kwake, siku anapotia sahihi karatasi ambayo hakuisoma yote, au aliyoisoma katika Kifaransa asichokielewa vizuri. Wakili akiletewa karatasi hiyo miezi sita baadaye, swali la kwanza la upande wa pili ni moja tu: sahihi hii si yako?

Ndiyo sababu baadhi ya mawakili wa Lualaba wamegeuza namna yao ya kufanya kazi. Bado wanavaa joho jeusi na kusimama mahakamani, lakini sehemu kubwa ya utetezi wao inafanyika nje ya mahakama: kuhesabu nyumba, kuandika ushuhuda, kueleza kifungu cha sheria kwa Kiswahili chini ya mwembe, na kupeleka ripoti kwa kampuni kabla ya tingatinga kufika.

Njia ndefu ya kufikia joho

Nchini Congo, kazi ya wakili inaongozwa na sheria ya tarehe 28 Septemba 1979. Kijana anayetaka kuingia lazima awe na shahada ya sheria. Akikubaliwa na chama cha mawakili, anaapa mbele ya Mahakama ya Rufaa, kisha anakaa miaka miwili akijifunza kazi chini ya wakili mkubwa. Akimaliza ndipo anapoandikwa kwenye orodha ya mawakili kamili na watu kuendelea kumwita "Maître". Chini yake wapo watetezi wa mahakama, wanaofanya kazi kwenye mahakama kuu lakini hawaruhusiwi kutetea mbele ya Mahakama ya Rufaa.

Kwa vijana wa Kolwezi, njia hiyo zamani ilipitia Lubumbashi karibu moja kwa moja: chuo kikuu huko, rufaa huko, na ofisi kubwa za mawakili huko, umbali wa kilomita zipatazo 300. Mambo yalibadilika mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa kuwa majimbo manne na Kolwezi kuwa makao makuu ya Lualaba. Leo mji una Chuo Kikuu chake, Mahakama yake ya Rufaa na chama chake cha mawakili. Mkaaji wa Fungurume au wa Lubudi hahitaji tena kwenda mpaka Haut-Katanga kwa rufaa. Lakini mahakama kuwa karibu haimaanishi kwamba kila mtu anaweza kuifikia.

Mlango wa kampuni na mlango wa raia

Wakili kijana akimaliza mafunzo yake Kolwezi, anaona milango mitatu.

Wa kwanza ni kesi za kila siku: kiwanja kilichouzwa mara mbili, urithi, talaka, mtu aliyekamatwa na kulala parke. Kesi hizi ndizo zinazolisha mawakili wengi, na ndizo zinazowafundisha kazi. Katiba ya mwaka 2006 inasema mtu asikae mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48 bila kufikishwa kwa mwenye mamlaka ya sheria, na kifungu chake cha 19 kinampa haki ya kuwa na mtetezi tangu hatua ya uchunguzi wa polisi. Wakili anayejua vifungu hivyo viwili na kufika asubuhi na mapema amekwisha kufanya nusu ya kazi.

Mlango wa pili ni makampuni. Tangu Congo ilipoingia katika sheria ya biashara ya OHADA mwaka 2012, na tangu sheria ya kazi za mikataba midogo ya mwaka 2017 na sheria mpya ya madini ya mwaka 2018, kila kampuni inahitaji mtu wa kuisomea na kuiandikia mikataba. Malipo yake yanafika kwa wakati na kwa dola. Hakuna aibu katika kazi hiyo; kampuni nayo ina haki ya kutetewa, na wakili mzuri wa kampuni anaweza kuizuia isivunje sheria. Lakini kuna jambo ambalo raia hawalioni haraka: wakili aliyepewa kazi na kampuni hawezi tena kumtetea mwanakijiji dhidi ya kampuni hiyo hiyo. Katika mji wa migodi, kila ofisi inayoingia upande huo inapunguza idadi ya milango ambayo mkulima anaweza kubisha.

Mlango wa tatu ndio mwembamba. Hapo wanakutwa watu kama Me Donat Kambola, anayeongoza shirika la IBGDH la Kolwezi linaloshughulikia utawala bora na haki za binadamu, na Me Josué Kashal wa CAJJ, kituo cha hapa hapa kinachotoa msaada wa kisheria. Upande wa Lubumbashi majina yanayojulikana ni Me Hubert Tshiswaka na mwanasheria Emmanuel Umpula, anayeongoza AFREWATCH, shirika linalofuatilia mali za asili. Wote wamejenga safari zao kwenye swali moja: sheria inamlinda nani pale utajiri unapochimbwa?

Fundisho la Kilwa

Kwa kizazi hiki cha mawakili, hakuna kesi iliyofundisha kama ya Kilwa, mji mdogo kando ya ziwa Mweru. Mwezi Oktoba 2004, baada ya kundi dogo la waasi kuuteka mji, wanajeshi wa serikali waliurudisha na kuua raia. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walihesabu watu wasiopungua 73 waliokufa. Magari na ndege za kampuni ya Anvil Mining, iliyokuwa ikichimba Dikulushi, vilitumiwa na jeshi. Kampuni ilisema vilichukuliwa kwa amri ya serikali.

Kesi ilifunguliwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi mwezi Desemba 2006. Pamoja na wanajeshi, walishitakiwa wafanyakazi watatu wa kampuni. Tarehe 28 Juni 2007 mahakama iliwaachilia wote kuhusu mauaji ya Kilwa. Kamishna Mkuu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, Louise Arbour, alionyesha wasiwasi wake waziwazi juu ya uamuzi huo.

Mawakili na mashirika yao hawakufunga faili. Walijaribu Canada, mahakama za huko zilikataa kusikiliza kesi mwaka 2012. Walipeleka shauri kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Banjul. Tume ilitoa uamuzi wa kuilaumu serikali ya Congo na kuiamuru kulipa dola milioni 2.5 kwa wahanga wanane na familia zao, kuomba msamaha hadharani na kuwafuatilia waliohusika. Uamuzi huo ulitangazwa mwaka 2017, karibu miaka 13 baada ya mauaji.

Halafu kikafuata kimya cha malipo. Miaka iliyofuata, mashirika ya RAID na IHRDA, yaliyosimama na wahanga, yaliendelea kulalamika kwamba amri haijatekelezwa. Mafundisho yalibaki mawili. Kwanza, ushahidi uliokusanywa mapema hauozi. Maelezo yaliyoandikwa siku za mwanzo ndiyo yaliyosimama Banjul. Pili, kushinda kesi na kulipwa ni mambo mawili tofauti.

Msalaba mwekundu Cité Gécamines

Fundisho hilo la kwanza linaonekana katika kazi ya IBGDH. Mwezi Septemba 2023 shirika hilo na Amnesty International walitoa ripoti ya pamoja juu ya watu kuondolewa kwenye makazi yao kwa ajili ya migodi, baada ya kuzungumza na watu zaidi ya 130. Sehemu moja ya ripoti inahusu Cité Gécamines, mtaa ulio katikati ya Kolwezi wenye wakaaji wapatao 39,000, pembeni ya mgodi wa COMMUS, ambao sehemu kubwa ya hisa ni ya kampuni ya China iitwayo Zijin na nyingine ya Gécamines. Wakaaji walieleza kuona nyumba zao zikitiwa msalaba mwekundu, na fidia isiyotosha kununua nyumba kama ile waliyoacha. Mtu aliyekuwa na maji na umeme katikati ya mji alijikuta pembezoni bila hivyo viwili.

Ripoti inazungumzia pia Mukumbi, kijiji kilichokuwa karibu na Mutoshi, kilichochomwa moto na wanajeshi mwezi Novemba 2016. Kampuni ya Chemaf, yenye haki ya kuchimba mahali hapo, inakana kuhusika na kitendo hicho. Baada ya maandamano, mwaka 2019 ilikubali kutoa dola milioni 1.5 kupitia viongozi wa mahali, lakini baadhi ya watu walisema walipata dola 300 tu.

Me Kambola alilalamika wakati huo kwamba watu wanatishwa au wanadanganywa wakubali fidia ndogo, na kwamba mara nyingi hawana mahali pa kupeleka malalamiko. Hapo ndipo kazi ya wakili inapoanza, maana sheria yenyewe si maskini. Kifungu cha 285 bis cha sheria ya madini ya mwaka 2018 kinamtaka mwenye mgodi alipe madhara yaliyosababishwa na shughuli zake hata kama hakufanya kosa lolote. Kiambatisho cha 18 cha kanuni za madini kinapanga namna ya kuhamisha watu: kuwashauri, kuhesabu mali zao, kulipa fidia na kuwatafutia makazi. Mkaaji anayejua hayo kabla ya mkutano wa kwanza na kampuni hazungumzi kama mtu anayeomba.

Mshahara nao ni kesi

CAJJ imechukua uwanja mwingine, ule wa wafanyakazi. Mwezi Novemba 2021 kituo hicho na RAID walitoa uchunguzi juu ya migodi mitano mikubwa ya Lualaba. Walikuta kwamba asilimia 57 ya wafanyakazi wameajiriwa kupitia makampuni madogo ya mikataba, si na mgodi wenyewe. Walipiga pia hesabu ya kiasi ambacho familia ya Kolwezi inahitaji ili iishi kwa heshima: dola 402 kwa mwezi. Tangu siku hiyo, mfanyakazi anayelalamikia mshahara ana namba ya kuweka mezani.

Lakini hata yeye anakutana na vizuizi. Sheria inamtaka apite kwanza kwa inspekta wa kazi kwa mapatano; akiruka hatua hiyo, mahakama ya kazi haitapokea kesi yake. Kwenye mashauri ya fidia, anayeshinda hukutana na ada inayokatwa kwa asilimia ya pesa aliyopewa, na bila kuilipa hapati nakala ya hukumu inayomwezesha kudai. Asiye na uwezo anaweza kuomba hati ya umaskini ili asamehewe, na chama cha mawakili kina ofisi ya ushauri wa bure. Wengi hawajui kwamba vitu hivyo vipo.

Ng'ambo si njia ya mkato

Wengine wanaamini kwamba haki itatoka nje. Mwezi Desemba 2019, kwa niaba ya watoto waliokufa au kuumia kwenye mashimo ya kobalti na familia zao, kesi ilifunguliwa Washington dhidi ya Apple, Alphabet, Dell, Microsoft na Tesla. Ilitupwa mwaka 2021, na mwezi Machi 2024 mahakama ya rufaa ikakubaliana na uamuzi huo: kununua kobalti kupitia mlolongo mrefu wa biashara, ilisema, si kushirikiana na wale wanaotumikisha watoto. Faili zilizofungwa kule zinarudisha kazi hapa, kwenye mahakama zetu na kwa mawakili wetu.

Nao wanahitaji ulinzi. Sheria ya tarehe 15 Juni 2023 kuhusu watetezi wa haki za binadamu inawatambua na kuwawekea pia wajibu. Itapimwa siku ambapo mtetezi atakamatwa kwa sababu ya ripoti aliyoandika.

Kabla ya kutia sahihi

Kwa mkaaji ambaye mgodi unakaribia nyumba yake au shamba lake, kazi ya mawakili hawa inaacha mashauri machache yasiyo na gharama kubwa. Piga picha nyumba, kisima, miti ya matunda na mipaka, ukiweka tarehe. Tunza risiti za ununuzi, karatasi za kiwanja na hata barua ya chifu. Kwenye mkutano wa fidia nendeni wengi, na mtu mmoja aandike yaliyosemwa na majina ya waliosema. Omba nakala ya kila karatasi kabla ya kuitia sahihi, na mtu wa kuisoma kwa Kiswahili. Ukiambiwa kwamba nakala haitolewi, au kwamba leo ndiyo siku ya mwisho, usitie sahihi. Nenda kwanza ukamtafute wakili.