Makaa ya mawe katika elektrodi za superkapasita

Superkapasita huhifadhi umeme kwa kukusanya ioni kwenye uso wa kaboni, bila mmenyuko wa kemikali kama ule wa betri. Ndiyo maana huchajiwa kwa sekunde chache na kuvumilia kuchajiwa mamia ya maelfu ya mara, ingawa kwa uzito ule ule hubeba nishati kidogo sana kuliko betri ya lithiamu. Ili ioni zipate mahali pa kukaa, kaboni hutobolewa vitundu visivyoonekana kwa macho, hata gramu moja ikawa na uso wa zaidi ya mita za mraba 2,000.

Makaa ya mawe yana kaboni nyingi na bei yake ni nafuu. Kwanza husagwa, kisha hupashwa joto pasipo hewa ili gesi na lami zitoke. Unga unaobaki huchanganywa na potasiamu haidroksidi, aghalabu mara mbili hadi nne ya uzito wake, na kurudishwa tanurini kwenye nyuzi 700 hadi 900 za Selsiasi, ndani ya gesi ya naitrojeni. Hapo potasiamu haidroksidi hiyo huila kaboni na kuzalisha haidrojeni, kaboneti na potasiamu tupu. Potasiamu hiyo hugeuka mvuke, hupenya kati ya matabaka ya kaboni na kuyatanua. Ikishaoshwa, huacha vitundu.

Ukubwa wa uso mara nyingi hutajwa kwa majigambo, lakini peke yake hausemi mengi. Kitundu kikiwa chembamba kuliko ioni, hakina kazi; kikiwa kipana mno, kinapoteza nafasi. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani na Ufaransa, wakitumia kaboni iliyotokana na kabaidi, walionyesha kuwa vitundu vya chini ya nanomita 1 huongeza uwezo wa kuhifadhi chaji, kinyume na ilivyodhaniwa. Vitundu vipana kiasi bado huhitajika, kwani ndivyo njia za ioni kuingia na kutoka haraka.

Udhaifu mkubwa wa makaa ya mawe ni majivu. Chuma kilichomo humfanya mtengenezaji aoshe kwa asidi na maji mengi, la sivyo kifaa huvujisha chaji chenyewe kikiwa kimekaa tu. Vifuu vya nazi vina majivu machache, na hadi sasa kaboni nyingi ya superkapasita za madukani hutokana navyo.