Kimya cha kampuni ya bima hakisimamishi muda wa kudai fidia

Majeruhi wa ajali ya barabarani anayesubiri majibu ya kampuni ya bima anapaswa kuhesabu siku. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka 3 ya kufungua shauri la fidia kwa madhara yaliyotokana na uzembe. Mtu aliyegongwa na pikipiki Machi 2024, kwa mfano, muda wake unakwisha Machi 2027, hata kama kampuni imekuwa ikimwambia kila mwezi kwamba jalada lake linashughulikiwa.

Hapo ndipo wengi hupoteza haki. Mahakama ya Rufani imekwishaeleza kwamba mazungumzo ya nje ya mahakama hayasimamishi muda. Sheria hiyo inampa Waziri mwenye dhamana ya sheria uwezo wa kuongeza muda kwa kipindi kisichozidi nusu yake, lakini huo ni mlango mwembamba na si wa kutegemea.

Msingi wa dai ni Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inayomlazimu mwenye chombo kuwa na bima dhidi ya madhara kwa watu wengine. Uhai wa bima hiyo huhakikiwa kwa namba ya usajili wa chombo kupitia mfumo wa TIRA MIS. Ni vema jambo hilo lifanyike mapema, kwa kuwa wapo waliofuatilia kampuni isiyohusika kabisa.

Dai liwasilishwe kwa maandishi, likiambatana na nakala za Fomu ya Polisi Namba 3 (PF3), taarifa ya daktari, stakabadhi za matibabu na taarifa ya polisi kuhusu ajali. Mara nyingi kampuni huomba pia hukumu ya kesi ya usalama barabarani. Majeruhi afuatilie nakala yake mahakamani badala ya kungoja aletewe. Nakala ya barua inayobaki kwa mdai igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ahadi ya simu haina uzito wa muhuri huo.

Barua ya kukumbushia isipojibiwa, malalamiko yapelekwe Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), ambayo ndiyo inayotoa leseni kwa kampuni hizo. Ipo pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (TIO), iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, ambayo husikiliza malalamiko bila malipo. Mlalamikaji hutakiwa kuwa ameanza kwa kampuni yenyewe, hivyo barua zilizogongwa muhuri ndizo ushahidi wake wa kwanza.

Miaka 3 ikikaribia, shauri lifunguliwe dhidi ya dereva au mmiliki wa chombo, na kampuni ya bima ipewe taarifa ya shauri hilo ndani ya muda uliowekwa na Sura ya 169. Taarifa hiyo si ya hiari: ndiyo inayoibana kampuni kulipa fidia ambayo mahakama itaamuru dhidi ya mteja wake. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.