Huku na wakati huohuo

Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, yamepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, wa kwanza wakiwa Wanyarwanda. Leo Wakongo, Warundi na Wasomali huishi humo, na Kiswahili huwakutanisha wengi sokoni.

Pale sokoni, sikiliza neno “huku”. Mwuza samaki anapima huku anapiga simu mji wa Mbarara: mikono kazini, mdomo safarini. Mtu ni mmoja, vitendo ni viwili. Lakini “huku Nakivale” ni mahali, si wakati, na msikilizaji hutofautisha bila shida, maana baada ya “huku” ya wakati hufuata kitenzi, mara nyingine kikitanguliwa na mtendaji wake. Mara nyingi kitenzi hicho hubeba -ki-: “alitembea huku akiimba”. Ukiondoa “huku”, “alitembea akiimba” bado inatosha.

“Wakati huohuo” hupenda kusimama kati ya matukio mawili yenye watendaji tofauti. Lori linashusha posho Rubondo, humo Nakivale. Wakati huohuo, basi linajaza abiria Mbarara. Hakuna anayemngoja mwenzake.

Watangazaji wa habari wameyageuza maneno haya kuwa daraja. Wakimaliza habari ya bunge husema “wakati huohuo” na kuingia kwenye mafuriko ya juzi! Magazeti nayo hujaza “huku” kila mahali: “watatu walifariki huku watano wakijeruhiwa”, pale ambapo “na watano wakajeruhiwa” ingetosha.

Matukio yakiwa ya siku mbili tofauti, mwandishi aseme “pia” au ataje tarehe.