Je, Inafaa Kuhasi Mbuzi wa Nyama?

Wakulima wengi katika skimu za makazi huuliza kama inafaa kuhasi mbuzi dume wanaofugwa kwa nyama. Wengine wamesikia kwamba dume akihasiwa hukua upesi. Sivyo.

Dume asiyehasiwa ndiye akuaye upesi, kwa sababu nguvu ya kukuza mwili wake hutoka katika korodani. Faida ya maksai ni nyingine: huweka mafuta zaidi, hutulia malishoni, hapigani na wenzake, na nyama yake haina ile harufu kali ya beberu. Kwa hiyo, mkulima, kabla ya kuhasi jiulize kwanza: mbuzi huyu nitamwuza lini?

Ukiwa utamwuza kabla hajapita miezi sita au saba, usimhasi. Utapunguza uzito bure, na nyama ya mbuzi mdogo hivyo bado haijashika harufu. Lakini jihadhari, maana dume wa miezi minne aweza kumpa jike mimba. Mtenge tangu umri huo.

Hapo ndipo penye taabu. Shamba ni la ekari chache, zizi ni moja, na mbuzi wote hulala pamoja. Dume mdogo huwapanda dada zake na hata mama yake. Jike apataye mimba kabla ya kukomaa hudumaa na huzaa kwa shida, na baada ya miezi mitano mkulima hupata kitoto dhaifu na maziwa kidogo. Hasara hiyo humaliza faida yote ya kukua upesi. Basi asiye na mahali pa kutenga madume, au atakaye kuwaweka mwaka mzima wauzwe wakati wa sikukuu, na awahasi.

Usihasi wote kabla ya kuchagua wa mbegu. Chagua aliyekua upesi, mwenye miguu imara na korodani mbili zilizo sawa, ambaye mama yake ana maziwa ya kutosha. Wako watu wanaouza dume bora kwa sababu ndiye mwenye bei, wakabaki na kibete awazalishie zizi zima. Haieleweki wanatazamia nini. Mabinti wa dume huyo wakikomaa, badilishana dume na jirani.

Pete ya mpira huvishwa katika majuma ya kwanza, baada ya kitoto kunyonya maziwa ya kwanza ya mama yake vizuri. Koleo la kuhasi hufaa kwa mbuzi wa miezi miwili au mitatu. Halitoi damu, kwa hiyo nzi hawapati kidonda. Bana kila mshipa peke yake, upande mmoja kisha wa pili, na alama mbili zisikutane katikati. Zikikutana, ngozi yote ya chini itaoza. Angalia pia usibane chuchu. Kisu na pete huweza kuleta pepopunda, basi mwulize Afisa wa Mifugo juu ya chanjo. Dume mkubwa mwachie daktari wa mifugo, ili apate dawa ya ganzi.

Mbuzi aliyehasiwa kwa koleo aweza bado kutia mimba kwa majuma kadhaa. Mweke mbali na majike kwa majuma sita, kisha pima korodani kwa mkono. Ikiwa hazijanywea, koleo halikushika na kazi irudiwe.