Farasi Aliyepata Bei

"Mjomba, kwani Mzungu naye aliwahi kuombaomba barabarani?"

Umeuliza vizuri, mwanangu! Swali hilo liliwakosesha usingizi Waingereza waliotawala India. Sogea hapa. Wacha farasi akusimulie, maana alikuwepo.

"Mimi ni Waler," anasema farasi. "Kwetu ni New South Wales, Australia, na jina langu limetoka huko. Nilipakiwa melini hadi Calcutta, niuzwe kwa jeshi. Kijana mmoja wa Kizungu alinilisha na kuninywesha njia nzima. Tulipofika, mimi nikapata bei. Yeye hakupata."

"Hakupata nini?"

"Kazi, mtoto mzuri. Aliajiriwa kunifikisha tu, na nauli ya kurudi hana. Akaanza kuzurura, sawa na mabaharia walioachwa bandarini. Mimi nikapata zizi. Yeye hakupata."

Ngoja nimkatize farasi kidogo. Umewahi kumwona bibi akificha chungu chenye ufa wageni wakibisha hodi? Basi Waingereza walitaka Wahindi waamini kwamba Mzungu ni chungu kisicho na ufa. Sasa Mzungu aliyechanika viatu, anamwomba Mhindi chapati! Ufa huo, hadharani kabisa! Mwaka 1869 wakatunga sheria ya Wazungu wazururaji, na mwaka 1874 wakaitunga upya.

Kwa sheria hiyo, polisi akimkuta Mzungu anaomba, au anatangatanga bila riziki, anampeleka kwa hakimu. Hakimu anampeleka nyumba ya kazi ya serikali. Huko anakula, analala, anatafutiwa kazi. Akitoroka, kifungo. Kazi ikikosekana, anapandishwa meli, kwa sharti asirudi India mpaka miaka 5 ipite.

"Huo ni wema, Mjomba, au ni kufukuzwa?"

Lo, hapo umenikamata! Bibi akikifuta vizuri chungu chake chenye ufa, kisha akakitupa jalalani, amekitendea wema? Mimi naona walimwonea haya zaidi ya kumwonea huruma. Lakini wali alikula, tusimdhulumu aliyepika.

"Na Mhindi mwenye njaa?"

Sheria ile ilikuwa ya watu wa asili ya Ulaya peke yao.

Farasi anatikisa masikio. "Aliyenisugua zizini alikuwa Mhindi," anasema. "Njaa ikimkuta, wangempandisha meli ya kwenda wapi? Yeye alikuwa kwao."